Ndara Zilizotazama Ndani

Bado nazisikia. Ndara zikivuliwa mlangoni: moja ikaanguka, pap, kisha kimya kidogo, kama mtu aliyeshika ukuta asipepesuke, kisha ya pili, pap. Baada ya hapo ungetarajia pazia lisogee na mtu aingie, sivyo? Pazia halikusogea. Hakuingia mtu. Na bibi yangu, aliyekuwa mkekani akichambua mchele, akajisogeza upande wa ukuta, kama ampishaye mwenziwe mahali pa kukaa.

Haya ninayoyasema yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mjambere ya Kisauni, katika nyumba ninayolala mpaka leo. Sikusimuliwa na mtu, wala si ya jirani wa jirani. Ukitaka kucheka, cheka. Kadzo rafiki yangu naye alianza kwa kucheka.

Kwanza mnijue. Mimi kazi yangu ni kupaka hina. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo yangu tusiyataje, lakini mkono Mungu amenipa. Maharusi wa Mjambere na Magogoni huja kwetu, au huniita kwao. Sasa, mwanamke akishapakwa hina huwa amefungwa bila kamba. Mikono juu, miguu mbele, hawezi kushika simu, hata akiwashwa pua ni mpaka mwenzake amkune. Atafanya nini ila kuzungumza? Na wallahi, mazungumzo ya hina mbichi hayana mfano. Hapo ndipo utaambiwa mtoto asiyelala hulazwa vipi, mkate wa sinia ukikataa kuumuka una nini, mume mkimya husemeshwa kwa njia gani. Kisha hina inakauka, inabanduliwa, na maneno yanabanduka nayo. Nikifagia yale maganda meusi sakafuni nilikuwa nikiona kama nafagia maneno ya watu.

Ndipo nikapata ndoto yangu. Nilitaka mahali mtandaoni ambapo maneno hayo yatakaa. Si kama magrupu ya simu, ambako neno zuri likisemwa asubuhi, adhuhuri limeshafukiwa na picha za maua na matangazo ya mafuta ya nywele. Nilitaka mahali pa taratibu. Mtu aulize leo, ajibiwe wiki ijayo, na mwingine mwakani alikute jibu lile lile limemngoja.

Kadzo ni rafiki yangu tangu utoto. Kwao asili ni bara ya Kaloleni, lakini yeye amekulia uchochoro wetu, na siku hizi anafua mashuka katika hoteli moja kule Shanzu. Kakake alikuwa na kompyuta kuukuu inayopiga kelele kama feni, akatupatia. Tukajifunza kwa video, alasiri baada ya alasiri, bando likiisha twangoja. Mimi nilikuwa sijui jukwaa la mtandaoni hupangwa vipi, basi nikalipanga kama ninavyoijua nyumba. Mbele nikaweka Barazani, apitaye yeyote asome. Ndani Ukumbini, pa salamu na habari. Kisha Jikoni. Kisha Uani, pa wanawake peke yao. Pembeni mwa kila chumba nikachora maua yangu ya hina, nikayapiga picha, nikayatia. Jina nikaliita Kwa Bibi.

Kadzo aliangalia, akatikisa kichwa. "Shoga, wajenga nyumba na hata choo hujui kitakaa wapi."

Tulicheka sana siku ile. Laiti ningelisikiliza lile neno lake.

Mlango ndio nilioupenda kuliko vyote. Mtu akitaka kuingia, alibonyeza kitufe kilichoandikwa Hodi. Na kwetu hodi haiachwi hewani, hujibiwa. Nikafikiri, nani duniani anakaribisha watu vizuri kumshinda bibi yangu? Basi siku Kadzo alipotuletea mihogo kutoka kwa mamake, nikaitegesha simu nyuma ya pazia, na Bibi alipoitikia nikaichukua sauti yake bila yeye kujua: "Kariiibu, pita ndani mwanangu, usisimame juani." Nikaitia mlangoni. Kila abonyezaye Hodi akajibiwa na Bibi pale pale. Nikaipanga na simu yangu, inayokaa dirishani, nayo iitikie, nijue kuwa nimepata mtu.

Lakini Bibi ana desturi yake, na hapa nisikilizeni vizuri. Magharibi ikishaingia, hodi ya kwanza haijibu. Hunyamaza, mkono ameuinua, mpaka aisikie ya pili. "Ya kwanza huenda ikawa ya upepo," husema. "Mtu atarudia." Nilikulia katika desturi hiyo na sikuwahi kuiuliza. Ila jukwaani kwangu sikutaka mtu asimame mlangoni akingoja. Moyo wangu ni mwepesi kwa mambo hayo. Kwa hivyo hodi moja tu, saa yoyote, mchana au magharibi, na mlango ukafunguka.

Mara ya kwanza Bibi alipoisikia simu ikikaribisha, aliacha kushona. "Nani huyo anayekaribisha watu kwangu, na mimi nimefunga mdomo?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi niko hapa. Huyo aliyeko ndani ya simu simjui. Na awaambie hao waja wake kwamba chai haijapikwa."

Mwanzoni hapakuwa na waja. Niamini, jukwaa jipya ni pweke kama ukumbi wa harusi iliyoahirishwa. Kadzo kwa kunionea huruma akajiandikisha kwa majina matatu, akawa anajiuliza na kujijibu, mpaka siku moja akagombana na nafsi yake juu ya nazi ya kukuna na nazi ya pakiti, akajinunia. Baadaye akaja Mama Riziki wa Likoni, mfumaji wa makawa ya kufunikia chakula, mtu wa maneno machache matamu. Kisha wachache waliopakwa hina na mimi. Tulikuwa kama watu waliokaa mkeka mmoja.

Halafu akaja Mgeni.

Aliingia magharibi, adhana ikiwa bado hewani. Sauti ya Bibi ikaitikia dirishani, nikakimbia kutazama. Mahali pa jina hapakuwa na kitu. Mimi sikuwa nimemlazimisha mtu kuandika jina, na asiyeandika jukwaa lilimwita Mgeni. Alipita vyumba vyote bila kusema neno, akafika Uani, akaandika: "Hapa pananukia asmini. Nimekaa."

Nikageuka. Kwenye bakuli mbele ya Bibi palikuwa na asmini, ametoka kuzichuma.

Nikasema ni sadfa. Nani wa Kisauni asiyekuwa na asmini?

Tangu siku hiyo alikuja kila magharibi, na isha ikiadhiniwa alikuwa ameshanyamaza. Lakini maneno yake, jamani! Mama mmoja kijana wa Changamwe aliandika kuwa mtoto wake halali, analia mpaka na yeye analia. Mgeni akamjibu: "Usimnyamazishe. Lia naye kwa sauti ndogo kuliko yake. Atanyamaza akusikilize." Kesho yake yule mama akarudi kusema mtoto amelala. Mwingine aliyenuniana na dadake akaambiwa: "Mpelekee bakuli lake ulilokaa nalo. Usilipeleke tupu." Watu wakaanza kuitana. Hodi zikawa nyingi, simu ikaitikia kutwa. Wakaja wa Likoni, wakaja wa Changamwe, wakaja hata wasichana wetu wanaofanya kazi majumbani Uarabuni, mmoja akaandika kuwa akifungua Uani anasikia kama ameegemea ukuta wa kwao. Nililia kwa furaha. Nikilala naota vyumba vipya, nyumba inarefuka, ina dari, ina roshani, na kila dirisha lina mtu anayezungumza polepole.

Sasa nawauliza, mtu akiwa katika furaha hiyo huziona dalili?

Niliziona, nikazipita. Siku moja Mgeni aliandika, "Kikombe kisicho mkono ndicho nikipendacho." Sisi tunacho kikombe kisicho mkono. Nikaenda jikoni nikakigusa. Kilikuwa cha moto, na Bibi alikuwa hajanyanyuka. Ndipo nikaanza kuzisikia zile ndara. Na nilipotoka kutazama zilikuwepo kweli: ndara za plastiki, za buluu iliyopauka, ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe, zimepangwa mlangoni kwa adabu, pua zimetazama ndani. Isha ikiadhiniwa wala haziondoki. Nilidhani ni za jirani.

Na Bibi akaanza kumimina vikombe viwili.

"Bibi, hiki cha pili cha nani?"

"Kwani waniona nimekaa peke yangu?"

Alisema hivyo bila kutisha, kwa sauti ya mtu aliye na wageni na hataki mjukuu amwaibishe.

Kilichonitia hofu ni usingizi. Bibi aliacha kulala. Nikiamka alfajiri namkuta palepale mkekani, mgongo wima, leso kichwani, macho mekundu. Mchana anasinzia, anashtuka, anajiweka sawa. Chakula anaonja tu, kisha anakisogeza mbele, upande usio na mtu. Nikamwambia, Bibi lala. Akanijibu kwa ukali kidogo: "Mgeni hajaaga. Mimi nitajinyosha vipi mbele ya mgeni?"

Wenye kulelewa pwani mtanielewa. Mgeni akiwa ameketi, mwenyeji halali, hapigi miayo, haulizi "waenda lini". Bibi yangu ni mtu wa adabu hizo mpaka kwenye mfupa. Siku zikapita, mwili ukapungua, leso ya kujifunga ikawa yazunguka mara mbili pale ilipokuwa yazunguka mara moja. Nilimpeleka zahanati. Daktari, kijana mpole, akasema presha imepanda, asipolala tutampoteza. Bibi akamwangalia. "Basi mwanangu, njoo umwambie mgeni wangu."

Nikamweleza Kadzo yote. Akacheka, kama nilivyowaambia. Akaja kwetu magharibi hiyo ili anicheke vizuri. Tukakaa. Adhana ikalia. Pap. Kimya. Pap. Pazia halikusogea, na Bibi akajisogeza ukutani. Kadzo hakucheka tena. Alinivuta mpaka jikoni.

"Mtoe," akasema. "Wewe si ndiye mwenye funguo za jukwaa? Mfute."

Nikamfuta. Jina lisilo jina likatoweka Uani, na moyo ukaniuma, kwa maana watu walikuwa wameanza kumuuliza. Nikaizima na simu, nikaiacha dirishani imezimwa, chaji yenyewe imekwisha.

Magharibi ya kesho yake nilikuwa nimemkazia Bibi macho. Alikuwa ana uzi mdomoni, anaukata kwa meno. Na simu ile, iliyozimwa, ikasema: "Kariiibu, pita ndani mwanangu, usisimame juani." Sauti ya Bibi, na Bibi ana uzi menoni. Sina la kuongeza hapo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kadzo akaleta dawa ya kwao na ya kwetu pamoja: chumvi kizingitini, na ufagio umesimamishwa kichwa chini nyuma ya mlango, kwa kuwa hivyo ndivyo wageni wasiobanduka hubanduliwa. Bibi akauona ufagio. Sijamwona amekasirika vile tangu nizaliwe.

"Nani kanisimamishia ufagio? Kwangu mgeni hafukuzwi. Akitaka kwenda ataniaga, nami niliyemkaribisha nitainuka nimsindikize."

Neno hilo, nimsindikize, lilinishika rohoni likakaa. Maana ni kweli, aliyekaribisha ndiye asindikizaye. Na Bibi wakati ule alikuwa hawezi kufika msalani bila kunishika bega. Atainuka amsindikize yule mpaka wapi? Na akishafika huko, nani atamrudisha? Nikaona mbele yangu mambo mawili tu: asipoaga, Bibi atakufa kwa kukesha. Akiaga, Bibi atatoka naye. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, karibu na zile ndara, nikalia mpaka leso yangu ikalowa.

Jibu lilitoka Likoni, na aliyelitoa hata hajui. Mama Riziki aliniandikia faragha. Alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali, kulea wajukuu, na hatakuwa na nafasi tena ya kukaa nasi. Akaandika: "Mwanangu, nimezunguka vyumba vyote natafuta pa kutokea, sipaoni. Kuzima simu nikapotea kama mwizi naona haya, nyinyi ni watu wangu. Kwani ulitujengea nyumba ya kuingia tu?"

Nikasoma mara ya pili, nikasimama.

Nilikuwa nimeweka hodi, nimeweka karibu, nimeweka ukumbi na uani na maua ya hina kila pembe. Pa kuaga sikuweka. Nilivyolipenda lile jukwaa sikuwahi kufikiri kuwa mtu atataka kutoka. Na yule aliyekuja magharibi, kumbe naye alikuwa mtu wa adabu! Yeye hawezi kuondoka bila ruhusa, Bibi hawezi kulala kabla hajaagwa, na mimi katikati nimewajengea nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Wote wawili walikuwa wananingojea mimi, fundi.

Nilifanya kazi mchana kutwa. Arusi niliyoitwa Magogoni nilimwachia mwenzangu wa hina akaipake. Nyuma kabisa ya Uani nikachora mlango mdogo wa majani ya asmini, nikatia kitufe: Naaga. Kisha ikabidi niweke sauti ya kumjibu aagaye. Kadzo akasema, tia ya Bibi, iwe mwanzo na mwisho. Mkono ukanikataa. Anayetoa ruhusa ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye atakayetoka. Nikaiwasha tena simu, nikaishika karibu na mdomo nikasema kwa sauti yangu mimi: "Ruhusa yako. Ngoja nikusindikize."

Nikamwambia Mama Riziki ajaribu. Akaaga vizuri, watu wakamuombea dua, akatoka. Mlango ulifanya kazi.

Magharibi ikaja. Nilimwambia Kadzo akae jikoni, akakaa, sala zake za kanisani nazisikia huku ukumbini. Bibi yuko mkekani, vikombe viwili. Pap. Kimya. Pap. Bibi akajisogeza. Mimi nikapiga magoti mbele ya mahali pale patupu nikasema shikamoo.

"Mgeni wetu," nikasema, "aliyekukaribisha si huyu mzee. Sauti ni yake, niliichukua bila idhini yake. Nia ilikuwa yangu. Mwenyeji wako ni mimi."

Bibi aligeuza shingo polepole akaniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa siku nyingi kuniona. "Kumbe wewe," akasema.

Kisha dirishani nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Ruhusa yako. Ngoja nikusindikize."

Na nikamwona. Hakutokea ghafla. Ilikuwa kama unapoingia chumba chenye giza ukitoka juani, macho yanazoea, na kitu kilichokuwepo muda wote unakiona kipo. Mwanamke, si mzee si mtoto, leso mbili za rangi moja. Mikono ameiinua mbele ya kifua, vidole vimeachana, kama mtu mwenye hina mbichi. Na alikuwa nayo hina mbichi! Inang'aa, inanukia karafuu na ndimu, mikononi na miguuni, na maua yale mimi sijawahi kuyaona wala mkono wangu hauwezi kuyachora, nimejaribu. Ndipo nikajua kwa nini hakuweza kufungua mlango mwenyewe.

Akamwelekea Bibi. "Nimekula, nimekunywa, nimekaa. Naomba ruhusa."

"Tulifurahi nawe," Bibi akasema. "Nenda na salama."

Na hapo hapo, bibi yangu, asiyeweza kusimama, akaweka viganja sakafuni akaanza kuinuka. Ilikuwa adabu inamwinua, nguvu hana. Nikamwekea mkono begani. Bega lilikuwa jepesi kama ungo.

"Keti, Bibi. Huyu ni mgeni wangu mimi."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaketi.

Kizingitini yule mwanamke alizivuka ndara zake. Nikamwambia, ndara zako. Akasema miguu haijakauka. "Ziache. Ila zitazame nje. Nikizikumbuka, nijue kuwa nimeshatoka."

Nikainama nikazigeuza, tukaondoka.

Uchochoro wetu mnaujua nyinyi mlio wa huku. Taa zilikuwa zinawaka moja moja, kwenye kibanda cha maji wanawake wamepanga mitungi, mafuta ya mahamri yanachemka. Mimi natembea, na yeye yuko kando yangu mikono juu, na harufu ya karafuu inatutangulia. Muuza mahamri akaniamkia peke yangu, akaniuliza wapi na magharibi hii. Nikamwambia namsindikiza mgeni. Akatazama kando yangu, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka kitu cha zamani, akasema, "Haya, mfikishe." Sikuogopa. Mpaka leo nashangaa kuwa sikuogopa. Ilikuwa kama kutembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mtu mwema.

Tulipopita kinu cha posho, kilichokuwa kimefungwa, alisema: "Nilipiga hodi nyumba nyingi. Wote hungoja ya pili. Na mimi sauti yangu hutoka mara moja tu."

Nilitaka kumuuliza ni wa nani, arusi aliyopambiwa ilikuwa ya wapi, hina ile nani alimpaka asiipate kukauka. Kwenye kona, pale njia inapogawanyika na moja haina taa, akasimama.

"Hapa panatosha. Rudi. Usigeuke."

Akanigusa kiganjani kwa ncha ya kidole, kidogo tu, kama sisi tunavyojaribu hina kabla ya kuanza kuchora. Nikarudi. Kama nilitaka kugeuka? Mno. Shingo iliniuma kwa kutaka. Sikugeuka.

Nyumbani nikamkuta Kadzo amesimama katikati ya ukumbi, kidole mdomoni, ananinyamazisha. Bibi alikuwa amelala. Amelala mkekani mdomo wazi, anakoroma kama kompyuta ya kakake Kadzo, sinia la mchele likiwa ubavuni. Alikoroma mpaka kesho yake adhuhuri, akaamka akauliza kwa nini nyumbani hakujapikwa.

Leo Bibi yu mzima, amenenepa, ananisema kutwa. Jukwaa lipo, dogo. Watu walimuuliza sana Mgeni, nikawajibu kuwa aliaga, na wengi nao wakaaga wakatoka kwa mlango wa asmini, kwa salama. Kadzo ameanza tena kugombana na nafsi yake juu ya nazi. Na siku hizi kitufe cha Hodi magharibi hubonyezwa mara mbili ndipo kijibu. Niliweka hivyo kwa ajili ya Bibi, lakini moyo wangu haujatulia, kwa sababu namjua mmoja asiyeweza kurudia.

Kiganjani nina nukta. Mimi ni mtu wa hina, najua hina hukaa siku ngapi kwenye ngozi. Hii haijafifia. Mchana ni rangi ya chungwa, magharibi inakoza.

Basi nawausia nyinyi mnaojenga pa watu kukutana, iwe mtandaoni iwe kibarazani. Msiachie mashine iwakaribishie watu kwa sauti ya mtu asiye na habari. Na kabla hujachora mlango wa kuingilia, chora wa kutokea. Si kila anayekaa amependa kukaa. Wengine wanangoja tu uwape ruhusa.

Na zile ndara? Zipo. Kadzo alitaka tuzichome, Bibi akasema viatu vya watu havichomwi. Kila ikifika alasiri nazikuta zimegeuka, pua zimetazama ndani. Hatujui ni nani anayezigeuza, na tumeacha kuulizana.

Hivi ninavyoandika adhana imelia. Bibi amesinzia kitini. Nimetoka peke yangu, nikainama mlangoni, nikapangusa vumbi kwenye ule ukanda wenye uzi mweupe, nikazigeuza taratibu, moja kisha ya pili, zikatazama nje.